Yai Lilizama: Shajara ya Kufundisha Bahari Hapa Uyole

Kutoka Uyole, hapa Mbeya, hadi Dar es Salaam ni kilomita 800 na ushee. Klabu yetu ya sayansi ina wanafunzi 26, wengi wao Kidato cha Pili. Nilipouliza nani ameiona bahari kwa macho yake, mikono mitatu ilinyooka, na mmoja akaushusha wake alipokumbuka kwamba alichokiona ni Ziwa Nyasa. Jiografia ya darasani huigusa bahari na kupita. Mimi nilitaka tuikalie mwaka mzima, kila Jumamosi saa tatu hadi saa tano, kwa ndoo, chupa, chumvi na chochote kinachopatikana sokoni Mwanjelwa. Haya ndiyo yaliyotokea, pamoja na yale ambayo ningependa kuyaficha.

2 Machi

Nilianza na yai, kama walimu wengi wanavyoanza. Kwenye maji matamu linazama, kwenye maji ya chumvi linaelea, wanafunzi wanapiga makofi, mwalimu anaeleza densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake. Maji ya bahari kwa wastani yana gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja, na kijiko cha chakula kilichosawazishwa hubeba kama gramu 18. Vijiko viwili kwa lita moja ya maji, basi, na bahari yetu iko tayari. Nikanunua mayai mawili ya kienyeji kwa jirani, yametagwa jana yake, nikakoroga chumvi mbele ya darasa, nikaliteremsha yai la kwanza kwa madaha.

Likazama. La pili likazama pia.

"Madam, labda chumvi imepitwa na wakati," alisema kijana mmoja wa nyuma, na darasa zima likacheka. Nikasema chumvi haijayeyuka vizuri. Nikaongeza vijiko bila kuhesabu, nikakoroga mpaka mkono ukauma, hatimaye yai likapanda, makofi yakapigwa. Lakini nilijua nimewadanganya. Chumvi ya vijiko viwili ilikuwa imeyeyuka yote, hata chembe haikuonekana chini ya jagi.

9 Machi

Nimekiri. Nimewaambia kwamba wiki iliyopita sikuelewa kilichotokea, na leo tutahesabu.

Safari hii tulikuwa na mayai ya aina mbili: ya kienyeji ya jana, na ya trei kutoka dukani ambayo hakuna aliyejua yana siku ngapi. Kijiko kimoja kimoja, lita moja ya maji, kila kundi na daftari lake. Mayai ya trei yalianza kujiinua kwenye kijiko cha tatu. Ya kienyeji yalikaa chini kama mawe mpaka kijiko cha saba.

Aliyetufumbulia ni binti ambaye mama yake anakaanga chipsi pale stendi. Kila asubuhi, alisema, mama huyatia mayai kwenye ndoo ya maji ya kawaida, na linaloelea halivunjwi juu ya chipsi za mtu. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana. Kadiri siku zinavyokwenda maji ya ndani hupotea kama mvuke na hewa huingia, yai likawa jepesi huku ukubwa ukiwa uleule. Kwa hiyo yai bichi la jana, ukilitupa katika Bahari ya Hindi, litazama. Kuelea linahitaji maji yenye chumvi mara tatu na zaidi ya bahari. Katika Bahari ya Chumvi kule kati ya Israeli na Yordani, yenye zaidi ya gramu 300 kwa lita, lingeelea bila shida.

Tumeweka sheria mpya leo: kabla ya kugusa chombo chochote, kila mtu anaandika anachotabiri, kwa kalamu ya wino ili asije akafuta. Hata mimi naandika.

16 Machi

Chupa ya maji ya lita moja na nusu, matundu matatu ubavuni: juu, katikati, chini. Kitabu kimechora mkondo wa chini ukiruka mbali kuliko yote, kwa sababu kanieneo, yaani msukumo wa maji kwenye kila eneo, huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Wanafunzi 22 walitabiri kama kitabu. Mimi pia. Tukaiweka chupa ndani ya karai kubwa, tukang'oa gundi ya matundu.

La katikati ndilo lililorusha mbali. La juu na la chini yakaangukia karibu mahali pamoja.

Ilituchukua muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kundi moja likadai matundu hayalingani, wakatoboa chupa nyingine kwa msumari wa moto, jibu likawa lilelile. Mwishowe mtoto mmoja, mkimya sana, akauliza: "Yale ya chini yanapata wapi muda wa kuruka?" Ndivyo ilivyokuwa. Maji ya tundu la chini hutoka kwa kasi kubwa kweli, lakini yanagusa karai kabla hayajafika popote. Tukaipandisha chupa juu ya stuli mbili, maji yakaachwa yaanguke hadi sakafuni, na hapo ndipo mchoro wa kitabu ukawa kweli. Mhudumu wa usafi hakufurahi.

23 Machi hadi 13 Aprili

Hii ndiyo shughuli niliyoitilia shaka na ndiyo iliyonipa zaidi. Nilitaka tufuatilie kujaa na kupwa kwa maji, na Uyole hakuna cha kujaa wala kupwa. Mwanafunzi mmoja ana mama yake mdogo Bagamoyo, anakaanga samaki karibu na soko. Tulimpigia simu mbele ya klabu. Shikamoo zikapita, nikaeleza tunachotaka: kila siku atutumie ujumbe wa sauti kusema maji yamejaa saa ngapi.

"Mwalimu, mimi sina saa ya kupimia bahari," alisema, "lakini nitawaambia mashua zikiwa zinaelea mpaka hapa kwenye ngazi." Na hakukosa hata siku moja kwa wiki tatu.

Kupitia sauti yake wanafunzi walijifunza maneno ambayo sikuyapata katika kitabu changu cha kiada. Bamvua ni siku zile maji yanapojaa sana na kupwa sana, baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Maji mafu ni siku za katikati, bahari inapojaa kidogo na kupwa kidogo, kama haina nguvu. Pwani yenyewe, akatukumbusha, ni pale maji yanapopwa. Darasa lilinyamaza kidogo hapo. Neno wamelitumia maisha yao yote bila kuligusa ndani.

Upande wa mwezi ilikuwa kazi yetu, na mvua ya masika ikatunyima. Usiku kumi na moja kati ya ishirini na mmoja hatukuona mwezi kabisa, mawingu ya Mbeya mnayajua. Tulijaza mapengo kwa kalenda ya ukutani.

Tukachora grafu kwenye karatasi ya manila, siku kwa saa. Nilikuwa nimewaambia mapema: kila siku maji yatachelewa kwa dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao unasogea angani. Siku za mwezi mpevu mama mdogo alisema maji yamejaa kama saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye yakawa yanajaa karibu na saa nne. Jumla ilikubaliana na hesabu yangu. Lakini siku moja moja hazikukubaliana: kuna siku yalichelewa nusu saa tu, kuna siku zaidi ya saa nzima. Nikasema mbele ya wote kwamba mama yetu anakadiria, na ngazi si kipimo.

Yule mwanafunzi wa mama mdogo alichukia. Akasema mama mdogo ameishi na maji hayo miaka 30. Jioni nilikaa nikasoma, na mama mdogo alikuwa sahihi. Hizo dakika 50 ni wastani. Wakati wa bamvua, jua na mwezi vinavuta kwa pamoja na maji huchelewa kidogo tu siku hadi siku; kuelekea maji mafu vinavuta kwa kupingana, na ucheleweshaji hurefuka. Grafu yetu iliyopinda ndiyo iliyokuwa nzuri. Jumamosi iliyofuata tulimpigia simu, nikamwomba radhi. Alicheka, akauliza kama Mbeya kuna samaki wa kukaanga.

20 Aprili

Barafu. Nilitaka kuonyesha maji baridi yanavyozama, maana huko ndiko chanzo cha mikondo ya kina: karibu na Greenland na Antaktika maji baridi yenye chumvi nyingi hushuka hadi sakafuni mwa bahari, kisha husambaa polepole duniani, safari ya mamia ya miaka. Ndiyo maana hata chini ya Ikweta, kina cha kilomita kadhaa kina maji ya nyuzi 2 hadi 4 tu.

Shuleni hatuna friji. Ila nje ya geti kuna mama anauza zile barafu za pakiti za watoto, nyekundu na kijani, zimeshapakwa rangi tayari. Niliona nimepata mkato. Tukachana pakiti, tukaitia barafu nyekundu kwenye jagi la maji ya vuguvugu, na utepe mwekundu ukashuka hadi chini ukatulia pale kama tabaka. Wakashangilia. Nikaanza kueleza.

"Madam, hiyo ina sukari."

Ni yule yule wa chumvi iliyopitwa na wakati. Alikuwa sahihi kabisa: je, ule wekundu umezama kwa baridi au kwa sukari? Tukaiacha pakiti nyingine iyeyuke na kupata joto juani, tukaimimina. Ikazama vilevile. Kwa hiyo jaribio langu halikuthibitisha kitu. Ijumaa iliyofuata nilimwomba yule mama agandishe maji matupu yenye rangi ya keki, akanitoza bei ya barafu yenye sukari, na hapo ndipo tulipoona baridi peke yake ikishuka, polepole zaidi, kwa aibu aibu.

11 Mei

Bonde la Ufa kwa unga na majivu. Boksi la matunda, makaratasi magumu mawili chini yamekutana katikati, juu yake tabaka la unga wa sembe, la majivu, la unga tena. Unayavuta makaratasi taratibu kwenda pande mbili. Juu panapasuka mistari, halafu kipande cha katikati kinatumbukia chini, kingo zinabaki zimesimama. Ukiwa umesimama ukingo wa Usangu au umeshuka kuelekea Kyela, umeiona sura hiyo.

Hapa nilisimulia habari za Marie Tharp. Mwaka 1952, New York, alikuwa akichora sakafu ya Atlantiki kwa kutumia vipimo vya kina vilivyoletwa na meli, kwa kuwa yeye kama mwanamke hakuruhusiwa kupanda meli za utafiti. Katikati ya safu ya milima iliyo chini ya bahari akaona bonde, mstari baada ya mstari, mahali palepale. Mwenzake, Bruce Heezen, kwanza alilipuuza, kwani kulikubali kungemaanisha mabara yanasogea. Tharp hakuachia. Na bonde lile lilifanana na nini? Na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Mitetemeko ya ardhi ilipowekwa kwenye ramani, ikajipanga humo humo.

Wasichana walitaka kujua kama aliruhusiwa meli baadaye. Ndiyo, lakini baada ya miaka mingi.

Kisha nikawaambia mahali tulipo. Ufa wa Rukwa, ufa wa Usangu na ufa wa Nyasa vinakutana hapa Mbeya, na Mlima Rungwe umesimama pale kwenye fundo. Bahari ya Shamu ilianza kama ufa kama huu. Wakakokotoa wenyewe: ardhi ikiachana milimita 3 kwa mwaka, miaka milioni moja ni kilomita 3. "Kwa hiyo viwanja vya Uyole vitakuwa viwanja vya ufukweni," mmoja akasema, na mwingine akamwambia awahi kununua. Nilitia maji kidogo kwenye mvinyo wao: nyufa nyingine huanza zikaishia njiani, hazifiki kuwa bahari.

Juni

Mitihani, likizo. Hakuna cha kuandika, isipokuwa kwamba panya walikula unga wa mfano wetu.

6 Julai

Fundi wa madirisha alituunganishia tangi refu la vioo vya mabaki. Linavuja pembe moja, tumeziba kwa mshumaa. Chini maji ya chumvi ya bluu, juu maji matamu yasiyo na rangi, yamemiminwa kwa kijiko ili yasichanganyike. Wanafunzi wanne wakapepea uso wa maji kwa majalada ya maboksi kutoka upande mmoja. Utabiri wangu: rangi ya bluu itasukumwa kwenda mbele. Kilichotokea: maji ya juu yalirundikana mbele, na ile bluu ikapanda nyuma, kule upepo ulikotokea.

Hivi ndivyo Ziwa Nyasa linavyofanya majira haya. Upepo wa Mwera, wa kusini-mashariki, unasukuma maji ya juu kuja huku kaskazini, na kule ncha ya kusini, upande wa Malawi, maji ya chini yenye baridi na virutubisho yanapanda. Pwani ya Somalia nako, wakati wa Kusi, maji baridi hupanda hivyohivyo, ingawa huko mzunguko wa dunia unaukunja mkondo na habari inakuwa ndefu. Sikuigusa. Tangi lilikuwa limeshatulowesha vya kutosha.

20 Julai: Matema, Ziwa Nyasa

Mwenye basi aliongeza bei asubuhi ile ile tukiwa tumepanga mstari na mabegi. Nililipa. Tuendelee.

Kabla ya kuondoka kila kundi lilifunga chupa tupu ya plastiki, kizibo kikakazwa kwa nguvu zote. Uyole tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Tukateremka Tukuyu katika ukungu, migomba, chai, majaketi yakaanza kuvuliwa moja baada ya jingine, Ipinda wote wamebaki na fulana. Matema, chini ya mita 500, chupa zote zilikuwa zimebonyea kama zimekanyagwa. Hakuna aliyeuliza kanieneo ni nini tena.

Mzee mmoja mvuvi, ambaye tulikuwa tumeelewana naye kwa simu, alitupokea. Jambo la kwanza alilosema baada ya marahaba ni kwamba mtoto asisogelee mdomo wa mto, kuna mamba. La pili: kazi ya mtumbwini imalizike kabla ya saa nne, kwa sababu baada ya hapo Mwera huamka. Watu wawili wawili kwa zamu, maboya ya kujiokolea kifuani, mimi na mzee katika kila safari. Wengine walibaki ufukweni na mwalimu mwenzangu wakisoma kijiti chenye alama za sentimita tulichokisimika majini.

Chombo cha kwanza: sahani ya Secchi. Kasisi Angelo Secchi aliitumia kupima uangavu wa maji ya Mediterania mwaka 1865, na yetu ni mfuniko wa ndoo, robo nyeupe robo nyeusi, na kipande cha nondo chini. Unaishusha mpaka isionekane, unasoma mafundo ya kamba. Upande ambako mto humwaga tope, mita 2 haikufika. Tulipopiga kasia kuelekea kwenye miamba ya Milima ya Livingstone, mita 9. Mzee aliutazama mfuniko ukipotea, akasema yeye hujua maji safi kwa kivuli cha mtumbwi chini.

Chombo cha pili: bildi, yaani kamba na jiwe la kupimia kina. Mafundo 60, fundo kila mita. Karibu na ile miamba, mahali ambapo ungeweza kumrushia mtu ufukweni chungwa, kamba yote iliisha na jiwe halikugusa kitu. Watoto wawili waliokuwa kwenye zamu hiyo walinitazama kana kwamba mtumbwi umetobolewa. Ziwa hili lina kina cha takribani mita 700. Mmoja wao akapiga hesabu papo hapo: uso uko chini ya mita 500 juu ya bahari, toa 700, sakafu yake iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Kuivuta kamba ile tu viganja vikawa vyekundu, ndipo nikawaambia juu ya mabaharia wa meli Challenger, ambayo kati ya mwaka 1872 na 1876 ilizunguka dunia ikipima bahari. Machi 1875, magharibi mwa Pasifiki, waliteremsha kamba pima 4,475, zaidi ya mita 8,180. "Walivuta wenyewe?" Walikuwa na mashine ya mvuke, nikajibu, na huruma yao ikapungua kidogo.

Chombo cha tatu kilituabisha. Tulitengeneza chupa ya kuchotea maji ya kina: chupa ya kioo, uzito chini, kizibo kilichokatwa kwenye ndala kuukuu, na uzi wa pili wa kukivuta kizibo ukifika kina unachotaka. Mita 10, safi, kikatoka *pu*, maji yakajaa. Tukataka mita 30. Uzi haukuvutika. Tulipopandisha chupa, imejaa maji na kizibo kiko ndani. Maji yalikisukuma njiani, hatujui kina gani. Kila mita 10 ya maji huongeza uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa pwani, na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo miezi michache nyuma kwa chupa ya matundu, na bado sikuliona hili. Ile chupa iko kwenye rafu ya maabara sasa, kizibo ndani. Hakuna aliyeweza kukitoa.

Saa nne kasorobo Mwera uliamka, kama mzee alivyosema. Tukanunua vyungu viwili vya Wakisi vya kuchezea maji ya tabaka, tukala wali na samaki, tukarudi kwenye baridi yetu. Kijiti cha sentimita: hakikuonyesha kujaa wala kupwa, ni mawimbi tu.

14 Septemba

Nimerudi Matema na wanafunzi wanne tu, kwa daladala. Kundi la ufundi lilitumia Agosti nzima kutengeneza chombo kipya: bomba la plastiki la inchi mbili, wazi juu na chini, na vilango vya mpira wa tairi la baiskeli vinavyofunguka kuelekea juu. Likishuka, maji yanapita ndani yake. Ukianza kuvuta, vilango vinajifunga. Hakuna hewa ndani, kwa hiyo hakuna cha kubonyezwa. Wazo la kuacha hewa nje lilikuwa la yule mkimya.

Utabiri kabla ya kupima, mita 40 kwenda chini: nyuzi 10, nyuzi 4, nyuzi 15, "kama friji". Wangu, nyuzi 22.

Juu, 26. Mita 40, 24 na kidogo.

Walivunjika moyo. Mtu amebeba bomba kutoka Uyole, ameamka saa kumi usiku, kwa nyuzi mbili? Tulikaa ufukweni tukazungumza kwa muda mrefu, na kwangu ndiyo saa bora ya mwaka huu. Ziwa Nyasa halina Greenland. Hakuna mahali maji yake yanapopoa vya kutosha ili yashuke hadi chini kabisa, kwa hiyo hata sakafuni ni nyuzi 22 au 23. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha: maji ya juu yenye joto yanaelea juu ya yale ya chini mwaka hadi mwaka bila kuchanganyika nayo kikamilifu. Oksijeni ya juu haifiki chini. Kupita mita 250 hivi imekwisha, na samaki hawaishi huko.

"Na bahari?" Bahari kwa wastani ina kina mara tano ya sehemu yenye kina kirefu zaidi ya ziwa hili, lakini ina wanyama hadi chini kabisa. Yule wa sukari, ambaye safari hii nilimchagua makusudi, akachora kwenye mchanga ile barafu ya Aprili isiyo na sukari ikishuka. Maji baridi ya ncha za dunia yanashuka na hewa yake. "Sasa chini ya ziwa letu," akasema, "ni kama chumba kisicho na dirisha." Mzee alikuwa anasikiliza huku anashona nyavu. Akasema nyavu za kina kirefu sana hazileti kitu, walikuwa wakijiuliza kwa nini.

Yaliyobaki kabla ya muhula kuisha: kupima chumvi ya Ziwa Rukwa kama tutapata mtu wa kutuletea lita mbili, na kulitengeneza upya tangi kwa silikoni ya kweli badala ya mshumaa.

Jana mama mdogo alituma ujumbe wa sauti, bila kuombwa, wiki hii Bagamoyo ni maji mafu. Akauliza: na huko kwenu kwenye ziwa, maji yanajaa saa ngapi? Wanafunzi wameandika jibu mara tatu na kulifuta, kwa sababu nusu wanataka kumwambia hayajai, na nusu wanasema kijiti chetu kilisomwa asubuhi moja tu.